Bwana Yangu Wanamwita Chekeche, Naye Anaitika

Mama Kyakimwa,

Sikuandikii ili unionee huruma, huruma nimeshapewa ya kutosha na majirani ambao nikigeuka tu wanacheka, mimi naomba msaada, na naomba useme kweli bila kunipaka mafuta, kwa sababu nimekasirika mpaka kalamu hii imetoboa karatasi mara mbili na mutoto wangu ameniuliza, mama, unaandika ao unachimba? Na jina langu usilifiche. Wengine wanakuomba uandike gazetini mama fulani wa mahali fulani, mimi nitaficha nini, Kindu nzima inajua, hata ng'ambo ya mto wanajua. Mimi ni Ndaya, bibi ya Kalonji wa depo ya reli, tunakaa Mikelenge, tuko na watoto wanne.

Bwana yangu anatengeneza breki za mabehewa kule depo, na Jumapili anasimama golini, yeye njo gardien wa timu ya reli tangu miaka tisa. Nakubali amenenepa. Nakubali pia kwamba magoti yake si yale ya wakati aliponioa. Mwaka juzi timu ya Kalima, wale vijana wa mgodi, walikuja hapa kwetu wakatufunga saba mbele ya watu wote, na mpira mmoja ulipita katikati ya miguu yake pole pole hivi, hata mutoto anayetambaa angeushika. Siku ile nilitangulia kurudi nyumbani, wanawake wa depo wananisindikiza kwa vicheko, nikachukua unga nikaanza kuchekecha kwa hasira, na alipoingia mlangoni nikamwambia, karibu Baba Chekeche, kwako kila kitu kinapita. Lilikuwa neno la nyumbani, neno la hasira, bibi gani hasemi neno katika nyumba yake? Nikalirudia labda mara mbili tatu, mipira ikiingia, ao akisahau chumvi sokoni, watoto wakacheka, na jirani yangu Mauwa aliyekuja kuomba moto alilisikia akacheka mpaka akaketi chini, na mimi nikacheka naye. Lakini hayo ni ya kwetu ndani. Sasa sikia yaliyonipata.

Niko na mdogo wangu wa tumbo moja, Kazadi. Alikuja hapa kutoka Kasai na kaptula moja, Kalonji akampokea, akamtafutia kazi ya kuandika tiketi ku gari la moshi, akamlaza kwetu miaka mitatu mpaka alipopata chumba chake, na mpaka leo, ao tuseme mpaka Jumatatu ile, alikuwa anakula kwangu kila siku ya Mungu kwa sababu hajaoa na kupika hajui. Huyu Kazadi alisoma kwa mapadri, Kifaransa kinatoka kinywani mwake kama maji, kwa hiyo filme zikija kwenye sale, ukumbi wa parokia, njo yeye wanampa mikro, anasimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea filme anageuza maneno yote kwa Kiswahili, sisi ambao Kifaransa chetu ni cha kuagana na kusalimiana tunaelewa. Watu wanampenda. Na mimi nilikuwa ninajivuna, nilikuwa nasema, yule muliyemusikia ni mdogo wangu.

Jumapili ile, kisha misa, wakatangaza filme ya mpira, ya kuchekesha. Sale ikajaa, madirisha yamefungwa kwa mablanketi, joto la kuivisha ndizi, wengine wamesimama ukutani. Tukasimama kwa wimbo wa Chama, tukapiga makofi yetu, tukaonyeshwa mambo ya serikali, kisha filme ikaanza. Ni timu ya kijiji kimoja cha Ulaya, kijiji cha baridi. Wachezaji wake ni kinyozi, mwalimu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, mzee wa posta anayekimbia na mfuko wake, na gardien wao ni mwoka mikate, tumbo mbele, unga kwenye nyusi. Wanafungwa kila mahali. Wanaanguka ku matope. Bata anaingia uwanjani, wote wanamkimbiza bata, mpira unaingia goli. Watu wa nyuma walilia kwa kicheko. Lakini wa mbele, wale wa ofisi, walinuna, baba mmoja akasema kwa sauti, hii inafundisha watoto ujinga, wengine wakamwambia, papa, nyamaza tusikie. Mimi mwenyewe, nisiseme uongo, nilicheka bata.

Halafu yule kocha wa filme akamkimbilia gardien, akamkunja shingo ya shati, akapiga kelele neno moja la Kifaransa, na mdogo wangu, damu yangu, Kazadi, akasema ndani ya mikro ili sale nzima isikie: "Kocha anasema, wewe si gardien, wewe ni chekeche!"

Mama Kyakimwa! Nikamsikia Mauwa nyuma yangu, "Yoo! Kalonji wa Ndaya!" na sale ikapasuka. Vichwa vyote vikageuka. Hawakutazama tena kitambaa, walitutazama sisi. Watoto wakaanza, Chekeche, tucheke, Chekeche, tucheke. Na Kazadi hakunyamaza, kila mara mpira ukiingia anasema tena, chekeche, na kila mara wanageuka tena.

Nikasimama. Nikamwambia Kazadi palepale, kutoka mahali nilipo, maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na mapadri. Nikamgeukia bwana yangu nimshike mkono tutoke na heshima yetu, na nini ninaona? Anacheka! Kalonji anacheka, meno yote nje, anapangusa machozi kwa mkono wa shati! Akaniambia, "Kaa, mama, unazuia watu kuona." Mimi! Ninazuia watu! Ndipo nikasahau hata mahali nilipo, nikamwita kwa jina lake la ubatizo, Paulin, jina ambalo tangu serikali ikataze majina ya kizungu hatulitamki mbele za watu, nikalipigia kelele, "Paulin, simama twende!" na wale wa Chama waliokuwa mstari wa kwanza wakageuka wakanitazama, na Kalonji akaacha kucheka, akatazama chini, hakusimama. Nikatoka peke yangu. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye jua lile nikilia kwa hasira, na mpaka njia panda nilikuwa bado nasikia wanacheka kule ndani.

Jumatatu saa sita Kazadi akaja kula kama kawaida, kama vile hakuna kitu. "Yaya, dada yangu, habari?" Nikampa sahani. Akanawa mikono, akakata tonge la kwanza, nikamnyang'anya ile sahani mkononi nikaimwaga kwa bata wa Mauwa, bugali, sombe, samaki, yote. Nikamwambia asikanyage tena hapa mpaka siku atakapochukua ile mikro na kuwaambia watu wa Kindu kwamba alidanganya, kwamba katika filme hakuna neno kama hilo. Akasema, "Yaya, mimi nilitafsiri tu." Nikamwambia, tafsiri njia ya kutokea. Akaenda.

Jioni bwana yangu akarudi kutoka depo. Watoto walikuwa wamekwisha kumwambia njiani. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali angenigombeza. Alitazama chakula, akasimama, akasema, "Mahali shemeji yangu ananyang'anywa tonge, na mimi silambi kitu." Leo ni siku ya kumi na mbili. Analala hapa, anaamka hapa, maji ya kuoga anachukua, lakini chakula changu hagusi. Anakula kwa Kazadi. Wanapika wenyewe wawili wali wa kuungua, harufu inafika mpaka kwangu, na wanacheka, Mama Kyakimwa, nikienda kuteka maji ninapita pale ninawasikia wanacheka, wanarudiarudia mambo ya ile filme, mmoja anakuwa kocha, mwingine anakuwa yule mwoka mikate. Mimi ninarudi na ndoo yangu na chungu changu kimejaa, hakuna wa kula.

Na kibaya zaidi njo hiki: analiitika lile jina. Watoto wa njiani wanapiga kelele, Chekeche! naye anainua mkono kama mukubwa anasalimia watu. Wenzake wa timu wanamwita hivyo kwenye mazoezi. Hana haya? Muntu anatukanwa na yeye anasema asante? Mimi ninapigana kwa ajili yake, mimi nimekosana na damu yangu kwa ajili yake, na yeye anakwenda upande wa wale wanaomcheka. Ni nani katika nyumba hii anayelinda jina la Kalonji kama si mimi? Nimemuuliza hivyo. Akasema, "Ndaya, wewe hukuelewa ile filme." Basi! Njo jibu lote! Mimi nimezaa watoto wanne, nimepita siasa na njaa, filme ya bata ndiyo nisielewe?

Nimefunga sanduku langu. Liko mlangoni. Treni ya Kabalo inaondoka Jumapili, na kutoka kule nitafika kwetu Kasai kwa mama yangu, na watoto wadogo wawili nitaenda nao. Nimemwambia Kalonji kwamba nitangoja gazeti hili linalofika Ijumaa, nisome neno lako, kisha nitajua kama ninapanda ao ninabaki. Alisema, "Ngoja." Hakusema ubaki, alisema ngoja. Naomba uniambie, Mama, na uandike watu wote wasome: ni nani alinikosea zaidi, mdogo wangu aliyeniuza kwa mikro, ao bwana yangu aliyecheka? Na nifanye nini na muntu asiyejua kukasirika kwa ajili yake mwenyewe?

Ndaya, Mikelenge, Kindu


Mama Ndaya,

Kaa chini kwanza. Sogeza hilo sanduku hapo mlangoni, watoto watajikwaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja nawe, kwa sababu najua ni kitu gani watu wote kugeuka kukutazama wewe na bwana yako mkiwa mmekaa kwenu kimya. Aibu ile inauma, na mtu asiyewahi kuipata asikudharau. Mara ya pili nikaanza kuchoka. Mara ya tatu nikachukua kalamu nyekundu nikapiga mstari chini ya maneno ambayo wewe uliyapitisha haraka haraka, ukidhani sitayaona: "Neno la nyumbani, neno la hasira." Mama, jina la Chekeche halikutoka Ulaya. Lilitoka jikoni kwako. Wewe ndiwe uliyemwita bwana yako hivyo siku aliyorudi na mabao saba mgongoni, siku ambayo pengine alihitaji maji ya kunywa na mtu wa kumwambia pole. Ukalirudia mbele ya watoto wake. Ukalirudia mbele ya Mauwa, ukacheka naye. Unaandika "mara mbili tatu". Mimi nimeolewa miaka ishirini na sita, najua mara mbili tatu za mwanamke aliyekasirika ni ngapi.

Sasa tuje kwa Kazadi unayemwita muuzaji wako. Unasema Kifaransa chako ni cha salamu, basi ngoja nikufundishe neno moja la kuongeza. Neno alilopiga kelele yule kocha ni passoire. Ndilo Wafaransa wanalomtukania gardien anayepitisha mipira, tangu zamani, halikubuniwa Kindu. Na passoire ni nini? Ni kitu chenye matundu cha kuchujia. Sasa wewe ni Kazadi, umeshika mikro, watu mia tatu wanakungoja, kwenye kitambaa kuna mwoka mikate mwenye unga mpaka kwenye nyusi, na kocha amemwita passoire. Utasema nini kwa Kiswahili? Utasema ni ndoo? Kijana alitafsiri, tena alitafsiri vizuri. Unamtaka asimame mbele ya watu aseme neno hilo halikuwamo katika filme, yaani unamtaka adanganye ili wewe uwe na haki. Hapana. Hilo sitalitia mkono.

Wala usifikiri sijamwona kosa lake. Alikula mezani kwako kila siku, alijua neno lile lina mwenyewe, na baada ya kicheko cha kwanza angeweza kusema tu "wewe hufai" na kuendelea. Hakufanya hivyo, kwa sababu watu walikuwa wanacheka na mikro ina utamu wake. Kazadi, kwa kuwa najua mnasoma gazeti hili nyinyi wawili juu ya wali wenu wa kuungua: siku nyingine kabla ya kumchekesha mtu, mtazame aliyekaa kando yake. Na ujifunze kupika.

Lakini, Mama Ndaya, hebu niulize. Kazadi alisema neno ndani ya mikro. Nani aliiambia sale kwamba neno lile ni la Kalonji? Vichwa viligeuka vyenyewe. Mauwa hakufikiri hata kidogo. Watu wale walikuwa wamelijua jina hilo siku nyingi, walikuwa wanalisema nyuma ya migongo yenu, na lilitoka kwenu likapitia kwenye moto uliompa Mauwa. Siku ile ulisikia kwa mara ya kwanza jinsi linavyosikika nje ya nyumba yako. Ndicho kilichokukasirisha. Ulijisikia mwenyewe ndani ya mikro, na kwa kuwa huwezi kumwaga chakula chako mwenyewe kwa bata, ukamwaga cha mdogo wako. Kumnyang'anya mtu tonge akiwa ameshanawa! Mtoto wa mama yako! Hata mimi niliye mbali, niliposoma hapo nilifunika barua kwanza.

Na ile ya kumwita Paulin mbele ya watu wa Chama sitaisemea sana, kwa sababu unajua. Mtu unayedai unalinda jina lake ungemtia matatani kwa jina lingine.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Tangu filme hiyo ipite hapo kwenu nimepokea barua nne kutoka Kindu, yako ni ya nne. Baba mmoja anataka ipigwe marufuku, anasema wanawe hawamheshimu tena mwalimu mwenye miwani. Kijana mmoja aliyeshuka kutoka Kalima kununua nguo analalamika kwamba alingoja bunduki mpaka taa zikawashwa, haikulia hata moja, na anataka aombwe radhi. Ya tatu ni ya mwalimu wa hapo Mikelenge, mwananchi Sikuli, ambaye alikuwa amekaa mistari miwili nyuma yenu, na yeye anataka filme irudishwe kila mwaka. Yeye alikaa mpaka mwisho. Wewe, Mama Ndaya, ulitoka katikati. Kalonji alikuambia kwamba hukuelewa ile filme, ukaona umetukanwa. Alikuwa na haki. Hukuielewa kwa sababu hukuimaliza.

Mwisho wake, kwa maelezo ya mwalimu, ni hivi. Ile timu ya kijiji inacheza na timu kubwa ya mji, timu ya viatu vipya. Wanashikilia, sijui kwa muujiza gani, mpaka dakika ya mwisho, wakiongoza moja kwa sifuri. Arbitri anatoa penalti. Yule mwoka mikate anasimama golini peke yake, anajipangusa unga usoni. Mpigaji anakuja mbio, anapiga, na mpira unamgonga mwoka mikate tumboni, anaukumbatia kwa mikono miwili, anaanguka nao chini na hauachii. Wanakuja kumnyanyua, hauachii. Hata arbitri anamwomba, hauachii. Mwalimu Sikuli anasema hapo Kazadi aliweka mikro chini, kwa sababu hakukuwa na haja ya kutafsiri tena. Sale nzima ikasimama. Wale waliokuwa wanacheka na wale wa ofisi waliokuwa wamenuna, wote, wakapiga kelele kwa nguvu zao, Chekeche! Chekeche! Na hawakuwa wanatazama kitambaa. Walikuwa wamegeuka wanamtazama bwana yako. Wakampandisha juu ya benchi. Alisimama pale, mtu mzima wa depo, mikono juu, analia.

Miaka miwili alikuwa anaitwa jina lile nyumbani kwake kila mpira unapomponyoka. Jumapili ile kwa mara ya kwanza aliitwa jina lile kwa kushangiliwa. Na wewe unamuuliza kwa nini analiitika. Unamwita mtu asiyejua kukasirika. Mama, huyo alikasirika miaka miwili kwa kunyamaza, na hukumwona. Siku alipomaliza kukasirika, ndipo wewe ulipoanza.

Uliniuliza ni nani alikukosea zaidi. Kazadi alikukosea kidogo. Bwana yako hakukukosea. Wewe uliwakosea wote wawili, na tena ulifanya hivyo kwa sababu unampenda yule mtu, hilo nimeliona katika kila mstari wa karatasi yako iliyotoboka. Hukutaka wengine wamcheke. Basi ungeanza na wewe.

Sasa la kufanya, na ulifanye kama ninavyosema, usipunguze. Leo Ijumaa fungua sanduku, rudisha nguo mahali pake kabla watoto hawajarudi kutoka masomo, wasije wakaliona hapo siku moja zaidi. Kesho Jumamosi pika. Bugali, sombe, samaki, kama ile uliyoimwaga, na uitie mawese ya kutosha. Usimtume mtoto. Kibebe chungu mwenyewe kichwani saa sita mchana, njia zimejaa watu, upite mbele ya mlango wa Mauwa, akikuuliza unakwenda wapi mwambie unakwenda kulisha wanaume wako. Ukifika kwa Kazadi usisimame mlangoni kungoja kukaribishwa. Weka chini, mpe maji anawe, umpakulie yeye kwanza, kwa sababu tonge lake ndilo lililokatwa, na umwambie, "Nilikunyang'anya chakula, nilikosea." Ukomee hapo. Ukisikia neno "lakini" linapanda kooni, limeze na maji.

Halafu ukae mkekani, umgeukie bwana yako, umwambie akusimulie mwisho wa filme. Atasimulia kirefu. Atasimama, atakuonyesha jinsi mpira ulivyomgonga tumboni, ataanguka chini hapo mbele ya chungu. Usimsahihishe. Usimwambie anaigiza kwa sababu ameshiba. Akimaliza, muulize anataka umwite nani katika nyumba yake, na jina atakalosema, ulitamke bila kucheka mpaka yeye acheke kwanza. Na timu ya reli ikicheza tena, uende uwanjani, ukae mpaka filimbi ya mwisho, hata wakifungwa saba tena, hata wakifungwa kumi.

Kuna jambo moja mwalimu Sikuli aliliandika pembeni ya barua, na nimelizuia makusudi mpaka nimalize kukugombeza. Anasema ulipotoka, sale ilikuwa imejaa hata ukutani hapana nafasi, na mtu mmoja aliyekuwa amesimama alikuja kukaa mahali pako kwenye benchi. Kalonji akavua kofia yake akaiweka pale. Akamwambia yule mtu, "Hapana, papa, hapa ni pa bibi yangu, anarudi." Wakaja wengine wawili, akawaambia vilevile. Kofia ilikaa pale mpaka taa zilipowashwa.

Treni ya Jumapili iache iende.

Mama Kyakimwa